KULA VIZURI UKIWA NA UGONJWA SUGU WA MAPAFU: MWONGOZO WA JIKO LETU LA KIBONGO



Leo naweka kitu cha kutunza. Ukiweza, kitoe kwenye karatasi hapo kafe ukabandike jikoni kwenu, maana hii sio habari ya kusoma na kupita. Ni kuhusu chakula cha mtu mwenye ugonjwa wa mapafu usioisha: yule anayekohoa mwaka mzima, anayepumzika mara tatu kabla ya kufika barabarani, anayeacha sahani nusu kwa sababu kula kwenyewe kunamchosha. Najua wengi wenu mna mtu wa namna hiyo nyumbani. Kama ni wewe mwenyewe, pole, na soma mpaka mwisho.

Niseme mapema, mimi si daktari wala bwana lishe. Mimi ni mpishi wa mama yangu mzazi. Mama alikaanga maandazi na vitumbua kwa kuni zaidi ya miaka 20 ndio tukasoma. Leo ana COPD. Uzito wake ulishuka kutoka kilo 63 hadi 48, na mtaani wakaanza maneno yao, eti "kakanyaga miwaya". Hospitali tuliyokwenda kwanza walitupa dawa nzuri tu, ila kuhusu chakula hatukuambiwa neno lolote. Ikabidi nitafute, niulize wauguzi na mabwana lishe, nisome. Haya hapa ndiyo niliyokusanya, na ndiyo tunayofuata.

TUNAZUNGUMZIA UGONJWA GANI?

COPD ni ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Njia hizo zinavimba na kujaa makohozi, na vile vifuko vidogo vya hewa ndani ya mapafu vinaharibika. Hewa inaingia, lakini kutoka ni shida. Unatokana na sigara, moshi wa kuni na mkaa, na vumbi la kazini. Haujapata dawa ya kuuondoa kabisa, ila unadhibitiwa.

Na sio ugonjwa wa watu wachache. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema COPD iliua watu milioni 3.5 mwaka 2021, na kuwa ya nne kati ya visababishi vyote vya vifo duniani. Kwa wale wanaokufa kabla ya miaka 70, karibu 90 kati ya kila 100 ni wa nchi kama zetu.

Mengi ya humu yanawafaa pia waliotibiwa TB wakapona lakini mapafu yakabaki na makovu, na waliovuta vumbi la mawe migodini. Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo ya Kinshasa zote zilikuwa kwenye orodha ya WHO ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB ya mwaka 2021 hadi 2025, kwa hiyo watu wa makovu tunao wengi.

KWA NINI CHAKULA NI ISHU KUBWA

Mtu mzima wa afya hahesabu kupumua kama kazi. Kwa mgonjwa wa COPD kupumua ni kazi ya kubeba zege. Misuli yake ya kupumulia inaweza kutumia nguvu hadi mara 10 ya ile ya mtu mzima wa afya. Amekaa kwenye kiti, hajainua hata kikombe, lakini mwili unachoma chakula.

Sasa angalia mtego ulipo. Anahitaji chakula zaidi, lakini anakula kidogo. Kutafuna na kumeza kunakatisha pumzi. Makohozi yanaharibu ladha. Tumbo likijaa linasukuma kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, na pumzi inazidi kubana. Basi anaacha kula. Mwili ukikosa chakula unaanza kula misuli yake wenyewe, ikiwemo ile ya kupumulia. Misuli ikiisha, pumzi inapungua, na hamu ya kula inapungua nayo. Ni mduara, na mtu anaweza kufia humo huku ndugu wakisema "uzee tu huo".

Habari njema ni kwamba mduara unakatika. Mwaka 2012 wachambuzi wa Cochrane walipitia tafiti 17 za kuwaongezea chakula wagonjwa wa COPD, wakaona uzito unapanda, hasa kwa waliokuwa wamekonda. Yaani sio suala la "ameshakonda, basi tena". Anaweza kurudi.

KWANZA PIMA UZITO

Usikisie kwa macho, maana nguo hudanganya. Mpime kila wiki, siku ileile, mzani uleule, asubuhi kabla hajala, na uandike kwenye daftari. Kama nyumbani hakuna mzani, duka la dawa au zahanati hawatakosa.

Halafu piga hesabu hii: chukua kilo, gawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe. Mama ana mita 1.58, na 1.58 mara 1.58 ni kama 2.5. Kilo 48 gawanya kwa 2.5 ni 19.2.

Kwa watu wa kawaida, chini ya 18.5 ndio wanasema umekonda. Kwa COPD usisubiri mpaka huko. Kipimo cha BODE, kilichotangazwa na madaktari watafiti mwaka 2004 kukadiria hatari ya mgonjwa, kinamhesabia alama ya hatari tayari akiwa 21 au chini. Ndiyo maana lengo letu nyumbani lilikuwa kuvuka 21, yaani kilo 53 kwa urefu wa mama.

Dalili ya kuwahi: akipoteza kilo 5 kwa kila 100 ndani ya mwezi mmoja, usingoje. Kwa mtu wa kilo 50 hiyo ni kilo mbili na nusu tu.

VITU VYA KUWEPO KWENYE SAHANI

1. Protini. Hii ndiyo tofali la misuli. Mgonjwa wa muda mrefu huhitaji kama gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Wa kilo 50 basi ni gramu 60 hadi 75. Usiogope, sio lazima nyama kila siku. Yai moja lina kama gramu 6. Glasi ya maziwa, 8. Kikombe cha maharage yaliyoiva, 15. Kiganja cha karanga, 7. Na mfalme wa watu wa kipato chetu ni dagaa wakavu, ambao zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na ukiwala na mifupa yao umepata chokaa ya mifupa bure. Angalizo: wenye ugonjwa wa figo waulize daktari kabla ya kupandisha protini.

2. Mafuta. Kwa aliyekonda mafuta ni rafiki, kwa sababu yanabeba nguvu nyingi kwenye ujazo mdogo. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia ni kama kalori 120. Nusu parachichi ni kama 160. Ukiongeza kijiko cha mafuta kwenye mboga na vijiko viwili vya karanga za kusaga kwenye uji, umeongeza kalori 300 bila kukuza sahani, na mgonjwa hajui kama umemwongezea. Tui la nazi linafanya kazi hiyohiyo. Karanga chagua safi, zenye ukungu tupa, kuna sumukuvu humo.

3. Ugali, wali, ndizi, viazi. Hapa kuna maneno mengi. Ni kweli mwili ukichoma wanga hutoa kaboni dioksidi zaidi kuliko ukichoma mafuta: kwa oksijeni ileile, wanga ukitoa 10, mafuta hutoa 7. Na hewa hiyo chafu ndiyo mapafu mabovu yanashindwa kuitoa. Zamani wakashauri kukimbia wanga. Siku hizi inaeleweka kwamba kiasi cha chakula kwa mlo mmoja kina uzito zaidi kuliko aina. Kwa hiyo mama hajaacha ugali. Amepunguza mlima wa ugali, akaongeza kitoweo.

4. Mboga za majani na matunda. Mchicha, matembele, kisamvu, papai, embe, chungwa, chochote cha msimu. Pika kwa mafuta au nazi kidogo, visiwe vigumu kutafuna.

5. Maji. Mwili ukikauka makohozi yanakuwa mazito kama gundi. Anywe kidogokidogo siku nzima, lakini asijaze tumbo kwa maji kabla ya kula. Mwenye moyo mbovu au miguu iliyovimba afuate kiwango cha daktari.

6. Chumvi, punguza. Inazuia maji mwilini, na maji yakijaa pumzi inabana. WHO wanasema chini ya gramu 5 kwa siku, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai kwa vyote. Watu wa Pwani najua mnaipenda ng'onda na papa, ile ni chumvi tupu. Hata dagaa waliotiwa chumvi waloweke na mwage maji.

7. Vinavyojaza gesi. Soda, kabeji na maharage huvimbisha tumbo kwa baadhi ya watu. Soda achana nayo. Maharage loweka usiku kucha, mwaga yale maji, pika kwa maji mapya mpaka yalainike. Yakikataa, jaribu choroko au dengu zilizokobolewa. Kama hayamsumbui, usimnyime.

NAMNA YA KULA NI NUSU YA DAWA

Hapa ndipo tulipoona mabadiliko makubwa kuliko sehemu nyingine yoyote.

- Milo midogo mitano au sita badala ya miwili mikubwa.
- Apumzike nusu saa kabla ya kula. Kuoga, kufua na kutembea visigusane na muda wa chakula.
- Kama ana dawa ya kupuliza ya kufungua kifua, na daktari amekubali, apulize dakika 15 hivi kabla ya kula. Akohoe atoe makohozi, asukutue mdomo, ndio akae mezani.
- Akae wima, viwiko mezani. Asile amelala, na asilale mara tu baada ya kula.
- Tonge dogo, atafune, ameze, apumue, ndio tonge lingine. Stori ziwe baada ya chakula. Kuongea na kumeza kwa pamoja ndiko kunakomkaba.
- Aanze na kitoweo, amalizie na ugali. Akichoka katikati, kile cha maana kiko ndani tayari.
- Mlo mkubwa uwe saa ile anayojisikia vizuri. Kwa wengi ni asubuhi au mchana.
- Kama anatumia oksijeni nyumbani, mrija ubaki puani wakati wa kula. Lakini moto wa aina yoyote uwe mbali kabisa, oksijeni na moto havikai pamoja.

SIKU MOJA JIKONI KWETU

Saa 1 asubuhi: uji wa ulezi uliopikwa kwa kikombe cha maziwa, vijiko viwili vya karanga za kusaga ndani yake. Protini kama gramu 18.

Saa 4: yai la kuchemsha na ndizi mbivu. Gramu 7.

Saa 7 mchana: wali kikombe kimoja, nusu kikombe cha maharage, kipande cha samaki, mchicha wa nazi. Gramu kama 30. Siku za kubana samaki hayupo, anaongezewa maharage na yai.

Saa 10 jioni: kikombe cha mtindi na kipande cha parachichi au embe. Gramu 9.

Saa 1 usiku: ugali laini kidogo, dagaa wa nyanya, bamia au mlenda. Gramu 16.

Jumla ni karibu gramu 80, kwa vitu vya gengeni tu. Hakuna unga wa kopo wa bei mbaya humo. Makopo yale yanasaidia pale mgonjwa anaposhindwa kabisa kula, lakini asije mtu akawauzia kama muujiza.

DAWA NA CHAKULA

Prednisoloni: ikitumika muda mrefu hupunguza misuli, hulegeza mifupa na hupandisha sukari. Anywe akiwa amekula, ale maziwa na dagaa, apunguze sukari ya chai, na asiiache ghafla bila daktari.

Dawa za kukojosha maji, na zile za kupuliza zikitumika nyingi, zinaweza kushusha potasiamu. Ndizi, viazi na maji ya dafu vinairudisha, isipokuwa kwa wenye figo mbovu.

Aminofilini: ni ya ukoo mmoja na kile kilichomo kwenye kahawa. Akichanganya vidonge hivyo na kahawa nyingi au vinywaji vya kuongeza nguvu, moyo unaweza kwenda mbio, mikono kutetemeka na usingizi kukimbia.

Dawa ya kupuliza yenye steroidi: asukutue mdomo kila baada ya kuitumia. Asipofanya hivyo anaweza kuota utando mweupe mdomoni, na mdomo ukiuma hatakula.

MANENO YA MTAANI

"Maziwa yanaongeza makohozi." Hapana. Maziwa yakichanganyika na mate yanakuwa mazito kooni, ndio maana unahisi hivyo. Mwaka 2018 jarida moja la madaktari wa watoto Uingereza lilipitia jambo hili na kuonyesha kwamba ni imani tu.

"Maziwa yanasafisha vumbi kifuani." Mafundi wa kuchomelea na vibarua wa saruji, hii inawahusu. Maziwa yanakwenda tumboni, hayapiti kwenye mapafu. Ni chakula kizuri, lakini sio kinga ya vumbi. Kinga ni barakoa ya maana na hewa inayopita. Tena bosi anayekupa pakiti ya maziwa badala ya barakoa amekupunja. Na maziwa ya kununua mtaani yachemshwe, mabichi yanaweza kubeba TB ya ng'ombe.

"Maji baridi yanaleta nimonia." Nimonia inaletwa na vijidudu. Kama baridi inamkohoza, mpe vuguvugu, basi.

"Kuna mzizi unarudisha mapafu." Vifuko vilivyokwisha kuharibika havioti upya kwa mzizi. Tangawizi na asali kwenye chai sina ugomvi navyo, vinaliwaza koo. Anayekwambia uache dawa za hospitali, huyo mkimbie.

MOSHI UNAOPIKA CHAKULA

Huwezi kumlisha mtu vizuri kwa mkono mmoja na kumvutisha moshi kwa mkono mwingine. WHO ilikadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Serikali yetu ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Sawa, lakini mgonjwa wako anapumua leo. Kama mtungi wa gesi upo, mzuri. Kama haupo, pikia nje, tumia kuni kavu, loweka maharage ili yaive haraka, na mgonjwa asiwe mpishi wala asikae karibu. Jiko la mkaa lisilale ndani, hata kama ni Makambako mwezi wa saba. Na anayevuta sigara atoke nje. Kama mgonjwa mwenyewe ndiye anayevuta, kuacha ni kwanza, chakula ni pili.

NA WALIONENEPA JE?

Wapo pia. Kitambi kinasukuma kiwambo, na prednisoloni inaongeza hamu ya kula. Hawa wapunguze sukari, soda, vyakula vya kukaanga na mlima wa wanga, lakini protini ibaki palepale, na wapungue taratibu. Kumfungisha mgonjwa wa mapafu ili apungue haraka ni kumla misuli. Wote, wanene na wembamba, watembee kidogo kila siku kadiri pumzi inavyoruhusu. Protini bila mazoezi haijengi msuli.

HAPA USISOME TENA, NENDA HOSPITALI

- Hawezi kumaliza sentensi moja bila kuhema.
- Midomo au kucha zimekuwa za bluu au kijivu.
- Amechanganyikiwa au analala usingizi usio wa kawaida.
- Makohozi yamebadilika rangi na kuongezeka, au yana damu.
- Miguu imevimba ghafla, homa, au maumivu ya kifua.
- Anapaliwa mara kwa mara akila au akinywa.

Na kama mtu anakohoa wiki mbili au zaidi na hajawahi kupimwa, mpeleke akapime TB kwanza, matibabu yake ni bure vituo vya serikali.

Mama kwa sasa ana kilo 53. Hajapona, na hatapona, hilo tunalijua. Ila anakwenda mwenyewe mpaka kwa jirani, anarudi, na ananisema kwamba dagaa wangu hawana chumvi. Wale wa "miwaya" wamenyamaza.

Naomba niishie hapa. Kama kuna bwana lishe au muuguzi anayenisoma, weka nyongeza hapo chini kwenye maoni, na penye kasoro rekebisha, hapa ni kwa faida ya wote. Wadau wenye wagonjwa nyumbani semeni mnawapikia nini, hasa wa mikoa ya ndizi na wa Pwani.

Tuko pamoja.